Wahudumu wa Jioni

Vijana wa wodi mmeniomba niandike jinsi ya kuichagulia familia nyumba ya kutunzia mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Mmeniomba kwa adabu, na soda mkaniletea, kwa hiyo nitaandika. Lakini sitawapa orodha ya kubandika ukutani. Orodha nimeziona nyingi, zimebandikwa juu ya vitanda vya watu waliokuwa wanakauka kwa kiu. Nitawaeleza nilichokiona, tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza, na kati yake mtachukua cha kuwafaa.

Nilianza kazi Kilosa nikiwa msichana mwembamba, na sare iliyoshonwa kubwa makusudi ili nikinenepa isinibane. Sikunenepa, nayo ikanipwaya mpaka ikachakaa. Nilipangiwa wodi ya wanawake chini ya Sista Anjelika, mama wa Kikaguru mwenye sauti ndogo na jicho kali. Asubuhi nzima hakunifundisha kitu, aliniacha nizunguke na beseni. Mchana akanisimamisha kwenye kitanda cha bibi mmoja, akauliza, "Huyu ana nini?"

Nikaanza kusoma kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Sista Anjelika akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Sijakuuliza karatasi. Angalia midomo. Angalia visigino. Kisha angalia kikombe chake kiko wapi."

Midomo ilikuwa imepasuka. Visigino vilikuwa vyekundu kwa kulalia upande mmoja. Kikombe kilijaa maji, kimewekwa vizuri kabisa dirishani, mahali ambapo mkono wa bibi usingefika hata angejaribu mwaka mzima.

"Sasa unajua wahudumu wa wodi hii wakoje," akasema, akaondoka. Wahudumu wenyewe tulikuwa sisi.

Mgonjwa wa kwanza wa kusahau niliyemjua vizuri alikuwa Bi Sihaba wa Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa. Aliletwa kwa baiskeli, amefungwa kwa khanga mgongoni mwa mwanawe ili asidondoke, mkono umevunjika. Miaka yake yote ya nguvu alikuwa mpishi wa uji wa wakata mkonge, kazi ya kuamka watu wengine wakiwa wamelala fofofo. Alipoanza kusahau, alisahau majina ya wanawe, akasahau hata kuvaa, lakini kuamka hakusahau. Alfajiri moja akakutwa uani kwa jirani, hana nguo, anaokota vijiti. Mnajua wenyewe bibi kizee akikutwa uchi kwenye ua wa mtu alfajiri anaitwa jina gani. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Walimpiga kwanza.

Wodini naye alfajiri aliamka, akawa anapita kitanda hadi kitanda akivuta mashuka. Wauguzi wa zamu wakamfunga kwa khanga yake ule mkono mzima kwenye chuma cha kitanda. Sista Anjelika aliingia asubuhi, akaifungua ile khanga bila kumgombeza mtu, akamuuliza mwanawe, "Mama yako alikuwa anafanya kazi gani?" Alipojibiwa, akaniagiza nikaombe jikoni sufuria kubwa na mwiko. Siku iliyofuata Bi Sihaba alipoamka, tulimkalisha jikoni na sufuria tupu, akakoroga kwa mkono mmoja mpaka jua likatoka. Kisha akasema, "Haya, waiteni waje wanywe," akaenda mwenyewe kitandani akalala. Hakufungwa tena. Dawa ya usingizi hatukumpa hata kidonge.

Mkono ulipounga alirudishwa kwao. Mvua za msimu ule hazijaisha tukasikia amezikwa. Hatukuambiwa amekufa kwa nini, na aliyetuletea habari hakututazama usoni. Sista Anjelika aliinamisha kichwa, akasema ingekuwa kuna mahali pa kumpeleka tungempeleka. Wakati ule hapakuwa na mahali popote.

Miaka ya katikati nitairuka. Nilipanda vyeo kama kila mtu asiyekufa wala kufukuzwa, na sijaona mgonjwa aliyepona kwa sababu ya cheo changu. Sista Anjelika alistaafu, akatuachia ile tabia yake ya kutazama vikombe. Mto ulifurika ukatuingilia zaidi ya mara moja, tukabeba wagonjwa mgongoni. Mwisho nikahamishiwa kituo cha afya Mikumi, kwenye barabara kuu, ambako nusu ya wagonjwa ni watu wa malori na nusu nyingine ni watu wanaowauzia chakula.

Huko Mikumi ndiko ilikofunguliwa nyumba ya wazee. Jina lake silitaji, na aliyeimiliki simtaji. Zamani ilikuwa gesti. Milango ilibaki na namba zake, na kwenye chumba kimoja tangazo la kuwakataza wageni kufua nguo kwenye sinki la kunawia uso lilikuwa bado ukutani, juu ya kitanda cha mzee asiyejua tena sinki ni nini. Walipokea wazee waliopotewa na kumbukumbu kutoka kwa watoto wao wa Morogoro na Dar, na wachache wa hapahapa. Watu wakaanza kuniuliza, "Sista, pale pakoje?" Ndivyo nilivyojikuta mkaguzi bila kuteuliwa.

Siku moja akaja mtu mmoja mrefu, viatu vya matairi, rungu ameliacha nje ya mlango kwa heshima. Aliitwa Luhende. Watu wake ni Wasukuma waliohamia huku na mifugo, wanaishi mbugani upande wa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa upesi. "Mama, nina mzee. Baba yangu, anaitwa Masanja. Kichwa kimeondoka. Jua likielekea kuzama anatoka, anakwenda kutafuta ng'ombe. Mara ya kwanza alirudishwa na vijana wa Kimasai. Mara ya pili tulimkuta karibu na hifadhi, na tembo tunawasikia."

"Nyumbani nani yupo naye?"

"Mke wangu, na watoto wadogo. Mimi kiangazi nahama na ng'ombe kufuata majani." Ndipo akakaa, akatazama mikono yake. "Juzi nilimfunga, mama. Mguu, kwa kamba ya ndama. Akaniuliza, 'Kijana, nimekosa nini?'"

Akaeleza kwamba ndugu zake wakisikia amempeleka baba nyumba ya kulelewa watamtukana mpaka kaburini, lakini yeye hawezi kumfunga mara ya pili. "Nisaidie kuitazama hiyo nyumba," akasema. "Mimi natazama ng'ombe, watu sijui kuwatazama."

Tulikwenda asubuhi, kwa ahadi. Meneja alikuwa kijana nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, maneno yake laini. Sakafu ilinukia dawa. Mashuka yalikuwa meupe, yamekunjwa pembe kwa namna ambayo mtu akilala yatavurugika, na hayakuwa yamevurugika. Wahudumu walikuwa wengi, sare zimepigwa pasi, wote wakatusalimia. Luhende akaninong'oneza, "Pazuri." Nikamwambia asubiri.

Nikawauliza wahudumu mmoja mmoja, taratibu kama ninayepiga soga: umefika hapa lini? Wa kwanza mwezi huu. Wa pili wiki iliyopita. Wa tatu anaondoka Ijumaa, amepata kazi ya dukani. Nyumba ambayo wahudumu wake hawakai, wazee wake kila siku wanaamkia kwa wageni, na mtu aliyepotewa na kumbukumbu akiguswa na mgeni anaogopa, akiogopa anapiga, akipiga anaandikwa kwamba ni mkorofi. Kisha nikauliza swali la Sista Anjelika. Nilimwonyesha mhudumu mzee mmoja aliyekaa anapapasa goti lake. "Huyu alikuwa anafanya kazi gani zamani?"

"Huyu ni wa chumba namba nne," akajibu.

Nikashika kwa vidole viwili ngozi ya mkono wa yule wa namba nne, nikaivuta kidogo na kuiachia. Ilibaki imesimama, dalili ya mwili uliokaukiwa maji. Kikombe chake kilikuwa ndani ya kabati, kikavu, kisafi sana.

Nilimwambia Luhende tutarudi, na safari hiyo hatutampigia mtu simu. Asubuhi kila nyumba ina watu, na meneja yupo. Nyumba ya wagonjwa wa kusahau hukaguliwa jua linapozama, kwa sababu saa hiyo ndiyo mbaya kwao. Wanahangaika, wanalia, wanataka kwenda makwao walikozaliwa, na saa hiyohiyo ndiyo wahudumu wa mchana wanavua sare. Ukitaka kujua kuna watu wa kazi au hakuna, njoo watu wanapoachiana zamu. Sikiliza wanaambiana nini. Wakiambiana habari za mgonjwa, keti. Wakiambiana tu kwaheri, ondoka na mtu wako.

Tulifika magharibi siku ya gulio, siku ambayo kila mwenye udhuru huutumia. Sare zote za asubuhi zilikuwa zimeondoka. Jikoni alikuwepo mpishi, mama mtu mzima aliyeitwa Mama Eliza. Na kwa wazee wote wale alikuwepo mhudumu mmoja, binti mnene wa miaka ishirini na kitu, jina lake Kabula. Alikuwa anahangaika na bibi aliyekataa kuoga. Nikamzuia Luhende mlangoni tumtazame.

Kabula hakumvuta bibi. Aliketi kwenye kigoda, akajimwagia maji miguuni mwake mwenyewe, akasema, "Bibi, kisigino changu hiki kinanisumbua, nisugulie." Bibi akainama, akasugua kwa bidii huku akimsema kwamba wasichana wa siku hizi ni wachafu. Maji yakamfika bibi mikononi, kisha magotini. Mpaka bibi anashtuka, alikuwa ameshaoga, na amefurahi kwamba kamsaidia mtu. Mimi nilisomea uuguzi, nikafanya kazi hiyo mpaka mvi, na ujanja huo sikuwahi kuufikiria.

Nilimuuliza Kabula habari za wazee. Akawataja kama anayetaja majirani. Yule anayepapasa goti alikuwa fundi cherehani, anatafuta mkanda wake wa kupimia. Yule wa dirishani alikuwa mtu wa reli, akisikia lori linapiga honi lazima ainue mkono. Uhudumu alisomea Berega, lakini kwao ni wafugaji vilevile, Wasukuma waliohamia upande wa Ulaya. Luhende aliposikia hivyo akamsalimia kwa Kisukuma, na Kabula akapiga goti kumjibu, mikono bado ina sabuni.

Njiani nilimwambia Luhende ukweli. "Nyumba hii ina mhudumu mmoja. Wengine wana sare."

"Mmoja hatoshi?"

"Anatosha akiwepo."

Kesho yake nikarudi kwa meneja, Luhende yuko pembeni yangu, nikasema mambo matatu. Kabula awafundishe wengine wawili yale anayoyafanya. Jioni pasibaki mtu mmoja. Na siku mkimwondoa Kabula, familia iambiwe kwanza. Meneja alitabasamu, akasema, "Hilo halina shida kabisa, mama." Nimefanya kazi na maofisa miaka mingi. Mtu akikuambia jambo halina shida kabla hujamaliza sentensi, ujue hajasikia. Nikamwambia Luhende vilevile, kwa maneno hayohayo. Yeye akaniuliza kama ninaijua nyumba nyingine. Sikuijua. Kulikuwa na ile nyumba, na kulikuwa na kamba ya ndama. Akaichagua nyumba.

Mzee Masanja alikuwa mtu wa mifupa mikubwa, amekonda, fimbo haimtoki mkononi. Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Siku za mwanzo jua liliposhuka alitetemeka na kuupiga mlango wa mbele kwa fimbo. Kabula alimtazama siku mbili, ya tatu akapiga goti mbele yake. "Mwadila, baba," akamwamkia, ndiyo salamu yao ya jioni. Mzee akaitikia, akatulia. Kabula akamshika kiwiko, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uzio wa waya na kijilango ambacho enzi za gesti walipitishia kuni. Ng'ambo yake ni pori. Kabula alimsimamisha pale. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, ni mwiko, hivyo mwenye zizi husimama mlangoni jioni akawatazama wakiingia, na asiyekuwepo humjua kwa rangi. Mzee alisimama vivyo hivyo, macho yakimpita huyu na huyu, hakuna hata mbuzi. Kisha akauliza, na Kabula akanitafsiria: anauliza kama wameingia wote.

Kwanza Kabula alimwambia ndiyo, wote. Mzee hakukubali, akakasirika. Kuna mmoja mwenye mabaka, alikuwa mchelewaji. Tangu siku hiyo Kabula akajua namna ya kumjibu. "Bado mwenye mabaka, baba. Yuko nyuma, anakuja." Wakasubiri. Baada ya muda akamwambia, "Haya, wameingia wote." Mzee akashusha pumzi, akaburuta tawi la miiba aliloliweka Kabula pale makusudi, akaziba mlango kama zizi linavyozibwa. Akaingia ndani, akala ugali, akalala mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, na ilitaka mtu mmoja wa kusimama naye muda wa kuchemsha chai.

Niliwakuta hivyo jioni nyingi nikipita kutoka kazini. Wahudumu wa mchana walicheka, wakamwita Kabula mchungaji wa hewa. Hakuna aliyejifunza. Nilimkumbusha meneja ahadi yake kila nilipomwona, naye kila mara jambo halikuwa na shida. Luhende alikuja wakati wa masika, akamkuta baba yake amenenepa, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikaa kwenye benchi la kituo akalia kimya kimya, akasema amelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu amfunge baba yake mguu.

Kiangazi nilistaafu, nikarudi nyumbani Kilosa. Luhende akahama na ng'ombe. Na mwenye nyumba akafungua hoteli ya watalii jirani na hifadhi, akatafuta wasichana wenye adabu wa kutandika vitanda vya wageni. Nani mwenye adabu kama Kabula? Wakamhamisha. Hawakuniambia mimi, na hilo naweza kulisamehe, mimi si ndugu. Luhende naye hawakumwambia. Alikuwa mahali ambapo simu hushika mtu akipanda kilima, lakini hata kumjaribu hawakumjaribu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Eliza wa jikoni, akiwa anajifuta macho kwa aproni. Jioni ya kwanza mzee alisubiri kwenye mlango wa nyuma. Akaja binti mpya, hajafundishwa na mtu. Mzee akauliza. Binti hakuelewa, akamuuliza mpishi, mpishi akasema nadhani anauliza ng'ombe. Binti akamwambia kwa Kiswahili, na kwa mikono, "Mzee, hapa hakuna ng'ombe." Alisema kweli tupu. Fikirieni wenyewe, umesimama mlangoni pa zizi lako giza linaingia, mtu anakuambia huna ng'ombe. Mzee akampiga kwa fimbo. Meneja akaagiza anyang'anywe fimbo, apewe kidonge cha usingizi kila magharibi, na kile kijilango kitiwe kufuli kwa usalama. Binti simlaumu. Alipewa sare, akapewa wazee, hakupewa neno lolote juu yao.

Siku chache baadaye mzee hakuonekana kitandani wakati wa chakula cha jioni. Aliyekuwepo zamu alikuwa huyohuyo mmoja. Meneja alipigiwa simu, akaja na watu, na wote wakakimbilia barabarani. Mikumi mtu akipotea anatafutwa barabarani, kwa sababu kila kitu chetu huja na kuondoka kwa barabara. Waliuliza kwenye maegesho ya malori, wakauliza gesti zote, wakasimamisha mabasi, polisi wakapiga simu kwenye kizuizi cha barabarani. Walifanya bidii, siwanyimi haki yao. Manyunyu yakanyesha na baridi ile ya kiangazi, nao walikuwa bado wanauliza madereva.

Mama Eliza alinipigia alfajiri, akampigia na Luhende, naye siku hiyo alikuwa kilimani. Nilipanda gari la kwanza. Nilipofika, meneja alikuwa anamwandikisha polisi: mgonjwa wa chumba namba sita, mwanamume, mkorofi.

"Nyuma mmeangalia?" nikauliza.

"Nyuma hakuna kitu, mama. Ni pori tu."

Nikapita jikoni, nikatoka nje. Kijilango kilikuwa na kufuli jipya linang'aa. Hatua chache kutoka pale waya wa uzio ulikuwa umelegea na kulala chini, pengo la kupita mtu. Pengo lile lilikuwa limezibwa kwa matawi ya miiba, yamepangwa shina nje na ncha ndani, yamekazwa vizuri, kazi ya mtu anayeijua. Mzee Masanja alikuwa ameyavunja kwa mikono, maana fimbo walikuwa nayo wao. Alikuwa upande wa pili, wa porini, ameegemea nguzo, magoti juu, nguo zimelowa. Viganja vyote vilikuwa vimechanika. Nilimgusa shingoni kwa mazoea tu. Alishakuwa baridi muda mrefu. Kutoka pale taa ya jikoni ilikuwa inaonekana. Kama angekuwepo mtu mmoja, mmoja tu, wa kutoka na kumwita.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope, mtu mzima na gauni langu la safari, na nikakasirika hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Polisi walitaka kumwondoa. Nikawaomba wamsubiri mwanawe, nao wakakubali. Luhende alifika kwa pikipiki jua limepanda. Hakuniamkia, wala sikutegemea. Alitazama ile miiba kwanza, akaipitia kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akazunguka na kupiga magoti mbele ya baba yake. Akamwambia neno kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa. Meneja akataka kuanza kueleza. Nikamtazama, akanyamaza.

Baada ya mazishi nilimuuliza Luhende alisema nini pale.

"Nilimwambia wameingia wote," akasema. "Hata mwenye mabaka."

Basi, ninyi mnaotaka kujua. Shuka jeupe hufuliwa na mashine, msilitazame sana. Nendeni jioni, siku ya gulio au siku ya harusi. Ulizeni nani atakuwepo akiugua huyu aliyepo. Ulizeni waliopo wamekaa muda gani, na aliyeondoka alimwachia nani anayoyajua. Tazameni vikombe, midomo, visigino. Kisha chagueni mzee yeyote, mwulizeni mhudumu yule alikuwa nani. Mkijibiwa namba ya chumba, mchukueni mtu wenu mwondoke, hata kama hamna pa kumpeleka. Najua nawaambia jambo gumu, na Luhende alikuwa hana pa kumpeleka. Ile nyumba bado ipo. Wamejenga ukuta nyuma, mrefu, wameupaka rangi, na familia zinausifu.

Kabula nilimfuata mwenyewe kule hotelini, sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Nilimkuta kwenye chumba cha mgeni, anatandika. Aliweka mto, akapiga goti kuniamkia, nikamwinua, nikamweleza yote: kufuli, mvua, miiba, nguzo. Hakulia. Alishika tena kona ya shuka.

"Alipouliza," akasema, "nani alimjibu?"

"Mwanawe."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi," nikamwambia.

Akaichomeka ile kona ya shuka chini ya godoro, akazunguka kitanda kwenda kwenye kona nyingine.